Gari la Viti Viwili na Mjomba Aliyekataa Kukaa

Nakumbuka siku niliyorudi kutoka shamba na kikapu cha mihogo kichwani, nikaingia chumbani kuvua ushungi, nikakuta godoro letu limepasuliwa tumbo. Sponji yote imetolewa. Limebaki ganda tu, limelala juu ya kamba za kitanda kama ngozi ya mbuzi wa Idi. Nilisimama pale na mihogo yangu, mwanangu, nisijue nilie, nicheke, au nimwite mama. Mwizi gani huyu anayeiba utumbo wa godoro halafu anaacha ngozi?

Hakuwa mwizi. Alikuwa mume wangu, Issa. Alikuwa ameipeleka sponji ile kwenye kiti cha gari.

Nakuandikia haya kwa sababu nasikia vijana wenye kazi zao kule Madimba kwenye gesi siku hizi wananunua magari ya zamani yaliyooza, yale mafupi ya kukimbia, wanasema wanayarudishia ujana wake. Vizuri. Mimi nimeishi na gari la namna hiyo. Sina ninachokijua juu ya injini, lakini ninajua linakula nini, maana lilikula vya kwangu.

Sikia basi lilivyotufikia. Issa alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda kimoja cha korosho. Kiwanda kikafungwa, na Mzungu mmoja wa mashine, alipokuwa anaondoka, akamwachia gari lake bovu badala ya kumwachia redio kama wengine walivyoachiwa. Lilikuwa na viti viwili, basi. Paa halina. Pua ndefu kama ya panya buku, halafu nyuma limekatika ghafla, kama mwenye kulitengeneza aliitwa kula akasahau kurudi. Rangi yake ilikuwa nyekundu zamani. Sisi tulilipokea likiwa rangi ya kutu na kinyesi cha kuku.

Issa akalisukuma, yeye na wenzake, mpaka kwetu, upande huu wa Naliendele. Nikisema kwetu elewa vizuri: kwa mama yangu. Kwa kawaida yetu mwanaume ndiye aliyehamia kwa mkewe, akalima mashamba ya upande wa mke, na watoto wakawa wa ukoo wa mama. Na mwenye kauli hakuwa baba yangu wala mume wangu. Alikuwa Mjomba Chande, kaka mkubwa wa mama. Banda ambamo Issa aliliingiza gari lake lilikuwa la Mjomba, la kuwekea korosho na magunia ya salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho isiugue inapotoa maua.

Mjomba alilizunguka gari lile akiwa amefunga mikono nyuma. Akainama, akachungulia ndani.

"Mkwe," akasema, "gunia linakaa wapi?"

"Halibebi gunia, Mjomba."

"Mgonjwa je? Mgonjwa analala wapi?"

"Ni viti viwili tu, Mjomba."

"Kwa hiyo nyumba ikiungua wanatoka wawili, sisi wengine tunabaki kupunga mkono."

Issa akacheka. Mjomba hakucheka. Akasema salfa ya msimu ikifika, banda analitaka. Siku hiyo gari litoke lenyewe, kwa moto wake, lisisukumwe na mtoto wa mtu. Likishindwa, Issa atoke nalo arudi kwao Msimbati, kwa sababu binti yao aliozwa kwa mwanaume wa kulima, si kwa mlinzi wa chuma. Kisha akanitazama tumbo. Nilikuwa na mimba ya kwanza, imeanza kuonekana.

"Mtoto ni wetu," akasema. "Huyo anabaki."

Tangu siku hiyo nikawa sijui niombee nini. Nikilala naomba gari liwake, mume wangu abaki. Nikiamka nikakuta kitu kingine kimepotea, naomba liungue.

Maana vilipotea vitu, mwanangu! Kila nilichokitafuta ndani nilikikuta kwenye gari. Sinia la bati la mama lilikatwa likazunguka taa. Madebe ya mafuta ya kula yalifumuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, yakashonwa ubavuni palipotoboka. Kanga yangu nzuri, ile niliyofungwa siku ya harusi, niliikuta imevaa kiti. Korosho zetu za shamba la chini, zile za kwetu wawili, ziliuzwa zote, zikageuka vyuma vidogo vilivyofungwa kwenye karatasi vikaja na meli kutoka Dar es Salaam, maana barabara ya wakati ule mvua ikinyesha hupiti. Na chuma kikifika kinakuwa si chenyewe. Kikubwa, au kidogo, au cha gari jingine kabisa. Issa anakaa nacho mkononi, anakigeuza geuza, kisha anachukua tupa anaanza kukikwangua. Anakwangua hata mwezi wa Ramadhani kwa saumu kavu, jasho linadondoka.

Mimi nilikuwa nachochea moto wa mkaa anapofua vyuma. Nilikuwa nashika taulo, nashika boliti, nashika mgongo wangu unaouma. Ningemuuliza: unataka nini kwenye kitu hiki? Sikumuuliza. Nilimuuliza jirani, nikawauliza mashoga zangu kisimani, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Huyu anasema amelogwa. Yule anasema anataka kumchukua mwanamke wa mjini. Mwingine akasema Wazungu wanaficha dhahabu ndani ya viti, ndiyo maana anavifumua. Nikarudi nyumbani nikavipapasa viti. Hakukuwa na dhahabu. Kulikuwa na sponji yangu.

Aliyekuwa anafurahi ni bibi yangu peke yake, aliyewazaa Mjomba Chande na mama yangu. Bibi kwa utani wa bibi na mjukuu alikuwa akimwita Issa mume wake, na mimi mke mwenzake. Alikuwa anakuja na fimbo yake mpaka mlangoni mwa banda, anapaza sauti:

"Mume wangu! Huyo mke wa tatu umemtandikia sponji, sisi wakubwa tunalalia kamba. Ndiyo dini hiyo?"

"Nisamehe, mke wangu mkubwa. Akipona nitakutembeza."

"Utanitembeza na haya matako? Kiti chenyewe kama kibuyu cha pombe ya uraka!"

Wanacheka wote wawili. Mimi sicheki, nahesabu siku za salfa kimoyomoyo.

Sasa nifike penye balaa. Chini ya viti vya gari lile kulikuwa na mbao, na zile za kiti cha abiria zilikuwa zimeliwa na wadudu zikawa unga. Issa akachonga nyingine. Akafikiri, ili wadudu wasirudi nifanyeje? Akafanya wanavyofanya watu wote wa kwetu wakitaka ubao udumu, uwe wa mlango, wa kitanda au wa mtumbwi: akazipaka mafuta ya maganda ya korosho. Mafuta yale meusi, mazito, ukiyaona utadhani asali iliyoungua. Mdudu hagusi. Na binadamu hagusi pia, maana yanaunguza ngozi kuliko maji ya moto. Muulize mwanamke yeyote aliyewahi kubangua korosho akuonyeshe vidole vyake. Lakini ubao ukishapakwa ukaachwa juani muda wa kutosha mafuta yanakauka, hauna neno tena. Issa hakuwa na muda wa kutosha. Salfa ilikuwa njiani. Akapaka ule ubao wa kiti cha abiria, akaukausha haraka haraka, akarudisha sponji juu, akavisha tena kanga yangu. Kiti chake yeye cha dereva kilikuwa bado na ngozi yake ya zamani, nene, na ubao wake ulikuwa mzima. Hakukigusa.

Magunia ya salfa yakashushwa asubuhi moja mbele ya banda. Mjomba akaja amevaa kanzu, kofia ya kiua, kama anakwenda kufungisha ndoa au kuivunja. Watu wakajaa. Mama akajificha nyuma ya mlango asione. Issa akaingia garini, akafanya dua, akawasha. Gari likakohoa. Likanyamaza. Akawasha tena, likalia! Halikulia kama lori wala kama pikipiki. Lililia kama mtu mnene anayecheka kwa ndani. Kuku wote wakaruka ukuta. Likatoka bandani kwa moto wake, taratibu, na kanga yangu ya harusi kitini.

Watu wakapiga vigelegele. Issa akashuka, akamfungulia Mjomba mlango wa abiria, akainama.

"Mjomba, wewe kwanza."

Ungekataaje mbele ya watu wote? Mjomba akakunja kanzu yake, akaingia, akashuka chini mpaka ikabaki kofia inaonekana. Wakaondoka. Tuliliona vumbi tu. Walikwenda mpaka mbali kwenye lami, wakageuka, na huku jua limekuwa kali na injini inapika moto kwenye mbao za chini. Waliporudi Mjomba alishuka bila kusema neno. Uso umekaza. Alipita katikati ya watu akaenda zake nyumbani kwake, anatembea miguu imepanuka kidogo. Watu wakatazamana. Issa akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamjibu, "Wewe ndiye uliyekuwa naye."

"Njiani alikuwa anapiga kelele," Issa akasema, "lakini upepo ulikuwa mwingi. Nilidhani amefurahi, nikaongeza mwendo."

Kesho yake asubuhi Mjomba akaja kwa mama. Tulikuwa ukumbini, ming'oko, vile viazi vya porini, iko kwenye ungo, chai iko tayari. Mama akamtandikia mkeka mpya.

"Karibu ukae, kaka."

"Nimeshapumzika."

Akasimama, ameegemea nguzo. Mama akamsogezea kiti. Akakitazama kiti kile kama kimemtukana, akabaki amesimama. Mwanangu, wewe wa leo hutaona ubaya wake. Kwetu mjomba akija nyumbani kwa dada yake, kuna ndoa ndani, akakataa mkeka na kiti, hana haja ya kusema zaidi. Amekuja kuitoa ndoa ile. Anasimama ili maneno yake yasikae hapo, yaondoke na mtu. Mama yangu akamimina chai nje ya kikombe. Issa aliinamisha kichwa. Gari limetoka kwa moto wake, sharti limetimia, sasa kosa gani tena?

Sikuuliza. Niliingia chumbani nikatandika shuka chini, nikaanza kumfungia mume wangu mzigo. Shati lake. Suruali ya kazini. Msahafu wake mdogo. Tupa. Nafunga na kufungua, maana sikujua kama ninamfungia yeye au ninajifungia na mimi. Nikatia kanga zangu mbili. Nikazitoa. Nikatia moja. Mtoto anapiga teke tumboni, sijui alikuwa anachagua upande gani.

Nilipotoka na mzigo Mjomba akautazama akashtuka.

"Mnakwenda wapi?"

Tulidhani anatukejeli.

"Dada, hawa wanakwenda wapi? Yaani mkwe amenifanya alivyonifanya, halafu anakimbia na mtoto wetu tumboni?"

"Si wewe umemfukuza?" mama akalia.

"Mimi? Saa ngapi? Nimefungua mdomo?"

"Umesimama!"

"Kwani kusimama ni dhambi?"

Hapo ndipo Bibi alipofika. Alikuwa anakuja na fimbo yake tangu uwanjani, amemtazama mwanawe miguu inavyokaa mbali mbali, na kanzu anavyoishika nyuma isimguse. Bibi alikuwa amebangua korosho kiwandani mpaka vidole havina alama. Alisimama mbele ya Mjomba, mtu mzima yule mwenye mvi, mwenye kauli juu yetu wote, akamwambia:

"Geuka."

"Mama, kuna watu hapa."

"Watu gani? Huyu dada yako, hawa wajukuu zangu, na huyu mume wangu. Geuka, Chande."

Mjomba akageuka. Bibi akagusa kwa ncha ya fimbo, kidogo tu, na Mjomba akaruka kama kijana wa ngoma.

"Mwanangu umebanguliwa," Bibi akasema. "Leteni majivu na mafuta ya nazi. Na wewe ulale kifudifudi humo ndani, mzee mzima unasimama kama mlingoti kwa kuona haya, ndoa ya watu inavunjika!"

Sijui nani alianza kucheka. Labda mama, na machozi yake bado mashavuni. Mimi sikuweza, nilikuwa nimeshika mzigo, na mikono haikuelewa bado kwamba iuachie.

Bibi akamtibu mwanawe kisha akatuita. Akaanza na mimi, na ukali wake ule sijausahau.

"Wewe unafunga mzigo wa mume kwa sababu mtu hakukaa. Ulimuuliza kwa nini hakai?"

"Hapana, Bibi."

"Na huyu mumeo, tangu lilipoingia lile dude hapa, umemuuliza analitakia nini?"

"Hapana."

"Umewauliza wa kisimani. Ndio unaolala nao?" Akamgeukia Issa. "Na wewe, umekula godoro la mke, sinia la mkwe, makalio ya mjomba. Ulimwomba nani? Haya, mume wangu, sema leo. Lile gari la nini?"

Issa akasema, sauti ndogo, "Nilitaka lisife mikononi mwangu. Mashine zote za kiwandani zilikufa ninaziona, nimekatazwa kuzigusa."

Ndipo Mjomba akasema kutoka chumbani, amelala kifudifudi, sauti inapita kwenye mto:

"Linakimbia. Sijui linakimbilia wapi, lakini linakimbia, mkwe. Pale kwenye mteremko nilisahau kuungua." Akageuza shavu kwenye mto. "Jenga banda lako. Langu lina salfa."

Hivyo ndivyo mume wangu alivyobaki. Alijenga banda lake mwenyewe, na hakuchukua tena kitu cha mtu bila kukiomba, ingawa alikuwa anaomba mno. Nami nikaanza kukaa kwenye kizingiti cha lile banda, ninamenya mihogo, namuuliza hiki cha nini, na kile. Ananijibu. Nusu ya majibu yake sikuyaelewa, na mpaka leo siyaelewi. Alinipeleka mara moja upande wa Msimbati kwao, mtoto mgongoni, mimi nimenyoosha shingo kama mke wa waziri. Tukazama mchangani, tukasukumwa na wavuvi waliokuwa wanakufa kwa kicheko. Nilipandwa na hasira nikataka kushuka nirudi kwa miguu. Sikushuka. Usiniulize kwa nini.

Kwa hiyo ukinijia unauliza, Mama, nilifufue gari la zamani au nisilifufue, sina jibu. Wengine wataona ni upotevu wa mali, na hawasemi uongo, maana nimeuona huo upotevu kwa macho yangu na nimeulalia kwa mgongo wangu. Lakini nilimwona pia yule mwanaume akisikiliza injini ile, na sijamwona hivyo kwa kitu kingine, hata siku alipozaliwa binti yake. Vyote viwili nimeviona, na vimekataa kukaa pamoja kichwani mwangu.

Ninachokijua ni hiki, nakisema wazi. Kabla hujaligusa lile dude, waite unaoishi nao, uwaambie litakula nini cha kwao, na uwaache wakatae wanachokikataa. Usiwaache wakutane na hasara chumbani. Na usifanye kwa pupa eti mkubwa amekupa muda mfupi. Mwambie mkubwa muda hautoshi, kwa adabu, akasirike amalize. Na wewe unayeishi na mtu mwenye kitu chake asichoweza kukieleza, usikimbilie kisimani. Mkalie karibu, umuulize yeye, na usipoelewa muulize tena kesho, wala usione aibu kutoelewa, mimi nimekaa humo miaka yangu yote na ndoa yangu ikawa nzima. Na mtu mzima akikunja uso mbele yako, muulize, baba, unaumwa? Huenda anaumwa kweli.

Mungu akuongoze, mwanangu, mikono yako iponye kila inachokishika. Akupe nyumba yenye watu wa kukuuliza, na akupe moyo wa kuwajibu hata pale maneno yanapokuwa machache. Na akulinde na kila kinachounguza ukiwa umevaa kanzu yako nzuri. Amina.